Bwawa Lilimchukua Kabula, Ng'ombe Wakanichukua Mimi

Nina umri wa miaka thelathini na tano, mke wa mtu na mama wa watoto wanne, hapa Masumbwe. Wanaonifahamu husema nimebahatika. Mume wangu hanywi, hanipigi, na hata sukari ikiadimika madukani kwangu haikosekani. Wasomaji wenzangu, laiti wangejua ninalala na nini moyoni...

Nilikuwa na miaka kumi na tisa Masanja alipokuja kunichumbia. Alikuwa kijana wa Chato, mtu wa ziwani, karani kwenye ghala la pamba. Baba alimpenda kabla mimi sijampenda. Mahari ililetwa yote kwa mkupuo, ng'ombe wanene, na kwetu Wasukuma ng'ombe wa binti hawakai sana zizini. Kaka yangu Makoye alikuwa na mchumba Ushirombo. Wiki ileile ng'ombe wangu wakaswagwa kwenda huko, naye akapewa mke. Harusi yangu ikapangwa baada ya mavuno.

Pasaka ilipopita, vijana wa parokia waliandaa kambi kwenye bwawa moja upande wa Shinyanga, lililochimbwa kwa ajili ya mifugo. Tulale kwenye mahema, wasichana kwao na wavulana kwao, tuimbe, tupike, tupande boti. Masanja aliniombea ruhusa. Mama alikubali kwa sharti kwamba mdogo wangu Kabula aende nami, maana mchumba si mume. Kabula alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mdomo wake ulikuwa haukai kimya. Njiani akamwambia Masanja, "Shemeji, mimi ndiye polisi wako." Tulicheka mpaka tukafika.

Jumamosi alasiri zamu yetu ya boti ikafika. Lilikuwa boti dogo la bati, lililoachwa na mafundi waliojenga tuta. Katekista aliyetusimamia aliuliza nani anayajua maji. Masanja akajibu kwamba yeye amekulia majini. Sisi wana wa wakulima, nani angebisha? Mimi na Kabula hata kuogelea hatukujua.

Tulipofika katikati, wenzetu wakaanza kumshangilia kutoka ufukweni. Masanja akasimama, akacheza ngoma huku boti likiyumba. Nilimwambia akae. Kabula naye akamwambia, "Shemeji, kaa chini, naogopa." Akacheka tu... Boti likapinduka.

Mimi nilidaka ukingo wa boti. Kabula alimshika Masanja shingoni. Hapo ndipo nilipoona, kwa macho yangu haya, mchana kweupe! Aliibandua ile mikono midogo, mmoja baada ya mwingine, akamsukuma, akaogelea kwenda nchi kavu bila kugeuka nyuma. Kabula aliniita jina, kisha sikumsikia tena. Ningefanya nini mimi?

Wachungaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe walinivuta kwa kamba. Kabula alipatikana kesho yake asubuhi.

Msibani Masanja alilia kuliko wote. Alisema alipiga mbizi kumtafuta mpaka nguvu zikamwishia, na walio ufukweni, kwa umbali ule, hawakuweza kumbishia. Wazee wakampa pole, wakamsifu kuwa ni mwanamume kweli. Nilidhani nitapasuka.

Baada ya matanga nilimweleza baba kila kitu. Akaniuliza, "Minza, ng'ombe wako wapi?" Wote wawili tulijua. Nikimkataa Masanja, atadai ng'ombe wake. Wakitolewa Ushirombo, mke wa Makoye naye atachukuliwa na wazazi wake, na tayari alikuwa mjamzito. Baba akasema kwenye maji kila mtu huangalia roho yake, na mambo hayo yaishe.

Mama aliniamini. Alinishika mkono jikoni akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, najua husemi uongo. Lakini nimeshazika mtoto mmoja. Nisibomoe na nyumba ya mwingine."

Nikaolewa. Nilivishwa shela huku moyo wangu uko makaburini.

Masanja amekuwa mume mpole, mpole kupita kiasi. Mwaka jana binti yetu Nyamizi aliomba kwenda na wenzake wa shule kucheza bwawani. Baba yake alimkemea vibaya, mpaka mtoto akalia. Baadaye akaja jikoni, akasimama mlangoni. "Mama Nyamizi," akasema, "siku ile nilijua umeniona."

Nikamuuliza kwa nini basi alinioa.

"Ungeolewa na mwingine, ungemsimulia."

Nilipakua ugali, tukala.

Wazazi, nawasihi, ng'ombe wa binti msiwatumie kabla binti mwenyewe hajatulia kwa mumewe. Wakishavuka kwenda kwa watu wengine, mdomo wake umefungwa. Na ninyi wadogo zangu mnaochumbiwa, mchunguzeni mtu mapema, wakati bado mnaweza kusema hapana na nyumba ya mtu isivunjike. Mimi nilisema nimechelewa.

Kaburi la Kabula liko nyumbani kwa baba. Kila nikienda kulipalilia, mume wangu hunisindikiza. Huninyang'anya jembe, akalima mwenyewe taratibu, akaondoa magugu yote. Wapita njia husimama wakasema, "Minza, wewe umepata mume." Nami huwaitikia.