Kinanda Chepesi cha Kiberiti

Kila jioni baada ya masomo, kwaya ya shule ilifanya mazoezi ukumbini. Aliyeipigia piano alikuwa msichana wa darasa la saba ambaye wenzake walimwita Kiberiti, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuwaka. Piano yenyewe ilikuwa kuukuu, na vibonyezo vyake vilikuwa vizito kama unga mgumu unaokandwa. Mwalimu wa kwaya aliipenda hivyo hivyo. "Hii ni piano ya watu wazima," alizoea kusema. "Anayeshindwa apishe!"

Wakati wa likizo Kiberiti aliteleza bafuni, akaumia kifundo cha mkono wa kulia. Bandeji ilipofunguliwa, maumivu yalibaki, lakini hakumwambia mtu. Sherehe ya kufunga mwaka ilikuwa inakaribia, na akisema tu, nafasi yake angepewa mwingine. Akajikaza kisabuni, akapiga.

Jioni moja, katikati ya wimbo, mkono ukamfa ganzi. Piano ikanyamaza, na kwaya ikayumba kisha ikanyamaza pia. Alipofika nyumbani, mama yake, ambaye alikuwa msusi, alimwona akinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Wewe, mkono una nini?"

"Hauna kitu, mama."

"Mimi nafanya kazi na mikono kutwa nzima, usinidanganye. Ulete hapa."

Kiberiti alilia, akasema yote. Kesho yake daktari aliuchunguza mkono. Alimwambia aupumzishe kwanza, kisha anaweza kupiga tena, ila si ile piano. Atafute kinanda chenye vibonyezo vyepesi, na akisikia maumivu aache papo hapo.

Mwalimu wa kwaya alicheka aliposikia. "Kinanda cha umeme? Hicho ni cha watoto kuchezea! Kama umeshindwa, sema."

"Sijashindwa, Mwalimu," alijibu Kiberiti kwa hasira. "Nimeumia. Kuumia na kushindwa ni vitu viwili."

Wanakwaya waliangalia chini. Mwalimu aliutazama mkono wake. "Haya. Ukipona, kilete tukisikie. Kisipofaa, nitatafuta mpigaji mwingine."

Mkono ulipopata nafuu, mama na binti walikwenda kwenye duka la vyombo vya muziki. Muuzaji aliwapeleka moja kwa moja kwenye kinanda kikubwa cheusi. "Hiki ndicho wanachotaka mafundi. Vibonyezo vyake ni vizito kama vya piano yenyewe!"

"Basi hicho hapana," alisema Kiberiti.

"Hata hujakigusa!"

"Si umesema ni vizito?"

Mama alijikohoza ili asicheke. Muuzaji akaleta cha pili, akabonyeza mara moja kwa kidole. "Umeona? Laini kabisa. Nikufungie?"

"Ngoja, kaka. Maumivu hayaji kwa kidole kimoja. Naomba kiti."

Akakaa, akapiga wimbo mzima wa sherehe, beti zote. Mkono haukuuma. Lakini alipobonyeza polepole na alipobonyeza kwa nguvu, sauti ilikuwa ile ile. "Hiki hakijui kunong'ona," alisema. "Wimbo wetu una ubeti wa taratibu. Kingine."

"Binti, hapa ni dukani au kwenye tamasha?" muuzaji aliuliza.

"Akikosea kuchagua, wewe utampigia?" mama alimjibu.

Cha tatu kilikuwa kidogo, na pembeni kilikuwa na mkwaruzo. Vibonyezo vyake vilikuwa vyepesi, na alipovigusa kwa upole, sauti nayo ilishuka. Kiberiti aliurudia wimbo wote mara mbili. Mkono ulichoka kidogo tu. "Hiki hapa," alisema.

Siku ya kukijaribu, mwalimu wa kwaya alisimama mwisho wa ukumbi huku amekunja mikono. Kiberiti alipiga bila kumtazama. Walipofika kwenye ubeti wa taratibu, kinanda kilishuka pamoja na sauti za waimbaji, kikapanda nao tena mpaka mwisho. Mwalimu alikuja mbele taratibu.

"Kwa nini hukuniambia mapema kwamba unaumwa?"

"Ulisema anayeshindwa apishe. Niliogopa kuambiwa nipishe."

Mwalimu akaigeukia kwaya nzima.

"Nilikosea, na wote mnisikie. Bidii ni kufanya kazi vizuri. Kuficha maumivu si bidii, ni kujiharibu. Anayeumwa aseme mapema, tutafute njia. Na mkubwa akikucheka, hata kama ni mimi, usinyamaze. Sema tena." Akawatazama mmoja mmoja. "Sasa, nani mwingine anaumwa na amenyamaza?"

Katika mstari wa nyuma, msichana aliyekuwa akiongoza wimbo aliinua mkono.

"Koo, Mwalimu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Linaniuma tangu wiki iliyopita."

Mwalimu alimvutia kiti. "Njoo ukae. Leo huimbi," alisema. "Lakini nafasi yako ni yako."