Tui la Salcete

Asubuhi ile soko la Palma lilijaa watu pomoni, na wengi wao hawakuja kununua kitu. Walikuja kuandikwa upya. Vita viliwakimbiza, makaratasi yakabaki nyuma, mengine yakaungua, mengine yakaliwa na mchwa. Sasa maofisa wa usajili walikuwa wametandika meza tatu chini ya turubai la buluu, karibu na wauza dagaa, na kila mtu alikuwa na senha, kikaratasi cha nambari, mkononi akisubiri nambari yake iitwe.

Meza ya katikati alikaa Nazira. Miaka ishirini na saba, amejifunga kapulana ya manjano yenye maua ya kijani, kilemba cha rangi hiyohiyo, na kalamu ameichomeka ndani ya kilemba. Hakuwa mtu wa kubabaika. Alikwisha andika watu arobaini na saba, na hakuna hata mmoja aliyemchanganya. Wa arobaini na nane ndiye aliyemchanganya, na kusema kweli tangu siku hiyo hakuacha.

"Jina?"

"Rizuane Colaço."

Nazira akainua macho. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, lakini unga umemganda masikioni na kwenye nyusi. Alinukia mkate.

"Rizuane ni la msikitini. Hilo la pili umelitoa wapi?"

"Kwa babu. Naye alilitoa kanisani."

"Babu alizaliwa wapi?"

"Salcete."

Nazira akapitisha kidole kwenye orodha ya wilaya. Akatafuta kwa Nangade, akatafuta kwa Mueda, hakuna. Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, Wahida, aliyekuja kazini na msiro wake usoni, ile poda nyeupe ya mti ya urembo. Wahida akasema labda ni huko nyuma ya Diaca, kuna vijiji vingi huko.

"Dada, usihangaike," Rizuane akasema. "Iko India. Wilaya ya Goa ya Kusini, makao yake Margão. Watu wa huko wanasema Kikonkani."

"Na wewe unakijua?"

"Nalijua neno moja. Undo. Ni mkate wa mviringo."

"Kwa hiyo ukifika kwenu utaomba mkate tu."

"Si haba. Wangapi wanafika kwao na hawana hata hilo?"

Nazira akaficha tabasamu. Orodha haikuwa na wilaya hiyo, basi mahali pa wilaya ya babu akapaacha wazi, akasogeza kidau cha wino. Rizuane akabandika dole gumba. Karatasi ikatoka na doa jeusi lisilo na mistari, maana moto wa tanuri ulikwisha mfuta alama za kidole. Nazira akamfuta kwa leso yake mwenyewe, wakajaribu tena, mara tatu.

"Wilaya huna, kidole huna," akasema. "Una hakika upo?"

"Kesho nitakuletea mkate. Ukiuma utajua kama nipo."

Foleni nzima ikacheka. Nazira akaita nambari arobaini na tisa kwa sauti kali kuliko ilivyohitajika.

Mkate ukaja kesho yake, na keshokutwa, na kila siku ya kazi kwa miezi mitano. Mtu haletewi mkate wa moto miezi mitano akabaki salama. Jioni, kabla ya magharibi, Nazira alipita kwenye tanuri la Rizuane, akakaa kwenye gunia la unga kwa kisingizio cha kupumzisha miguu, na Rizuane akamsimulia habari za babu Tomás huku akikanda.

Wareno, alisema, walifika pwani ya Goa zaidi ya miaka mia tano iliyopita, wakaleta kanisa na tanuri. Mapadri walitaka mkate, watu wa Salcete wakajifunza kuuoka, na kwa kukosa hamira wakauumua kwa tembo la mnazi. Baadaye vijana wao wakatawanyika duniani, huyu karani, yule mpiga fidla, yule mpishi wa meli. Babu Tomás alifika Palma mwaka 1958. Miaka mitatu baadaye India ikaichukua Goa na barua zikakatika. Akamwoa mwanamke wa Quionga, wakapata mtoto mmoja tu, mama akamlea mtoto msikitini na mzee akaendelea na rozari yake nyuma ya tanuri.

"Na wewe unaumua kwa nini?" Nazira akauliza, mkate ukiwa mdomoni.

"Hamira ya dukani, naapa. Hata baba yako mdogo anaweza kula."

Baba mdogo Ossufo aliula, akausifu, na mwokaji alipokuja kumposa Nazira, akamkatalia. Yeye ndiye aliyemlea Nazira tangu baba yake kufariki. Alipata kuwa karani wa forodha, na mambo yake yote yalikuwa na utaratibu.

"Kijana, posa haiji na miguu yake," alimwambia Rizuane barazani. "Huletwa na wazee wa mwanamume. Baba yako marehemu, hakuwa na kaka wala dada. Nani atasema kwa niaba yako? Siku mkigombana, mimi nitamwendea nani? Nitalalamika kwa tanuri?"

"Nitafute nani, baba?"

"Mtu mmoja tu wa kwa baba yako. Mmoja. Watu wa Dauto wa Mocímboa wanataka kuja kumposa, nimewaambia Alhamisi ya mwisho ya Shaabani. Wakikutangulia, usinilaumu."

Siku arobaini zilikuwa zimebaki. Rizuane akafukua bati la babu, akakuta bahasha yenye jina la kijiji, akaipiga picha akaitupa mtandaoni kwa kila Colaço aliyemwona. Siku ya tisa akajibiwa kwa Kireno cha kizamani na mama mmoja aitwaye Rosita. Baba yake Rosita na babu Tomás walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kumbe Rizuane alikuwa na shangazi. Njoo, aliandika, binamu yako Hélder anaoa mwezi huu, ukoo wote utakuwepo.

Rizuane akauza pikipiki, akaondoka.

"Huko saa ngapi, mpenzi?" Nazira aliuliza simuni jioni ya tatu.

"Kumekwisha kuchwa, ni giza. Nimekula samaki wa nazi, nikadhani niko Quionga. Minazi, mpunga, kanisa jeupe hapa, hekalu la Wahindu pale, na majirani wanapelekeana vitafunio sikukuu zote. Kila anayenitazama anasema nina pua ya Tomás."

"Hiyo pua nimeivumilia mimi, wao wasijidai. Unarudi lini?"

"Harusi ikipita tu, roho yangu. Niwekee kiti kwenye foleni."

Siku mbili baadaye, mchana, Nazira akiwa mezani, simu ya video ikalia. Akaifungua chini ya daftari. Palikuwa na ua lililojaa watu, wanawake wanaimba, na katikati Rizuane amekaa kwenye kigoda, kifua wazi, bukta nyeupe. Mama mmoja alimpaka mafuta shingoni. Mwingine akachota tui kwenye bakuli akammwagia utosini, akafuata mwingine, akafuata mwingine. Pembeni alisimama msichana wa gauni jekundu, anacheka.

"Nazira, tazama!" Rizuane akapiga kelele. Msichana yule akainua bakuli zima. Tui likaruka, kioo kikawa cheupe, simu ikakatika.

Nazira akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

"Wamemsinga," Wahida akasema, aliyekuwa amechungulia begani. Kwa watu wa pwani hii hilo halihitaji tafsiri. Mtu hasingwi bure. Hukalishwa kwenye kigoda akapakwa na akina mama kwa sababu moja tu, kwamba kesho yake yeye ndiye mwenye harusi.

"Lakini mtu anayeoa mwingine atanipigia nione?"

"Wapo. Ndiyo namna yao ya kuaga."

"Ameniita kwa furaha, Wahida."

"Bwana harusi hulia?"

Nazira akarudi kwenye fomu zake. Siku ya kwanza alikasirika, ya pili akamtetea, ya tatu akakasirikia kule kumtetea. Kama alikuwa tapeli, mikate ya miezi mitano ilikuwa ya nini? Kama hakuwa tapeli, mbona kimya? Aliandika jina la mtu kwenye mahali pa jina la mama yake. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, Rizuane aingie kwa baba mdogo na mtu wa kwao kabla ya Alhamisi, na sasa hakujua kama bado anakitaka.

Jumanne baba mdogo akamwita barazani.

"Mwanangu, Mgoa wako kimya. Watu wa Dauto wanakuja keshokutwa. Niwaambie nini?"

Nazira akafungua mdomo. Akitaka kusema hapana, akaliona lile gauni jekundu. Akitaka kusema ndiyo, akanusa mkate. Akainama, akatazama vidole vyake, hakusema neno.

"Alhamdulillahi," baba mdogo akasema akisimama. "Kimya cha mwanamwali ni ridhaa."

Ndivyo wasemavyo wazee, na ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Nazira akabaki amekaa, hajui ni nani aliyejibu.

Alhamisi asubuhi alikwenda kazini hivyohivyo, kwa sababu nyumbani wanawake walikwisha anza kupika. "Nambari kumi na mbili," akaita bila kuinua kichwa. Harufu ya mkate haikuwepo, lakini kile kivuli alikijua.

"Senha," akasema.

Rizuane akaweka senha mezani. Alikuwa na vumbi la barabara itokayo mji wa Pemba mpaka kwenye kope. Nazira akachukua fomu mpya.

"Hali ya ndoa?"

"Sina mke."

"Umesingwa. Nimeona kwa macho yangu."

"Ameoa Hélder. Mimi nilikuwa msimamizi wake, na kwao msimamizi hukaa pembeni ya bwana harusi akapakwa naye. Hélder alikuwa upande wa pili, simu haikumfikia." Akapiga magoti mbele ya meza ili macho yao yalingane. "Anayemwaga tui lazima awe ndugu. Kila mama uliyemwona ni shangazi yangu, Nazira. Yule wa gauni jekundu ni dada yake Hélder, ndiye aliyeiua simu. Nambari yako ilikuwa humo. Kichwani nina tarakimu mbili tu za mwisho."

"Siku tisa, Rizuane. Nimekuwa kama kichaa."

"Najua. Nisamehe."

"Hujui. Baba mdogo aliniuliza, nikanyamaza, naye kanipokelea Dauto. Wanafika alasiri."

Rizuane akageuka, akanyoosha mkono kuelekea kwa wauza dagaa. Pale kwenye benchi alikaa mama wa miaka sabini, gauni la maua hadi magotini, viatu vya ngozi, mkoba kifuani, anabishana na muuzaji kuhusu ukavu wa dagaa kwa Kireno.

"Baba mdogo alisema mtu mmoja," Rizuane akasema. "Huyo."

Nazira akachomoa kalamu kilembani, akamkabidhi Wahida. "Nishikie meza."

Baba mdogo Ossufo alikuwa akitandika mikeka barazani alipowaona. Shangazi Rosita hakungoja kukaribishwa. Alimwamkia kwa Kireno cha heshima, akakaa, akafungua mkoba. Akataja kijiji, akataja babu na baba wa babu hadi vizazi saba. Akasema kijijini kwao kila ukoo una mahali pake kwenye daftari la wenye ardhi, na jina la Tomás halikukatwa miaka yote hiyo, kwa sababu hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa.

"Akimkosea binti yako," akamalizia, "nipigie mimi. Nitapanda ndege."

Mzee wa forodha akaitazama ile pua ya shangazi, akaitazama ya kijana. Alikwisha kagua mizigo mingi maishani, na huu haukuwa na kasoro.

"Tatizo," akasema taratibu, "ni kwamba mtoto amekwisha ridhia kwingine."

"Sikuridhia, baba." Sauti ya Nazira ilitoka juu kuliko alivyotaka, hata wapishi wakachungulia kutoka jikoni. "Nilinyamaza kwa kuwa sikujua. Leo najua. Niulize tena."

Hakuna binti wa nyumba ile aliyepata kusema hivyo. Baba mdogo akakohoa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Nazira, huyu kijana na huyu shangazi yake wanakutaka. Unasemaje?"

"Nimemkubali."

Mzee akachukua simu, akaingia ndani kuwapigia watu wa Mocímboa kabla hawajatoka kwao. Alisikika akiomba radhi kwa muda mrefu. Aliporudi alitangaza kwamba ndoa ni baada ya Idi.

"Baada ya Idi sitakuwepo," Shangazi Rosita akasema. "Nipeni nazi. Tui langu namwaga leo."

Jikoni nazi zilikuwa tele, zimekunwa kwa ajili ya wageni wengine. Kigoda kikaletwa uani. Rizuane akacheka, akachomoa simu mpya aliyoinunua Pemba ili apige picha. Nazira akampokonya, akaizima, akaiweka juu kabisa ya kabati la vyombo. Kisha akavua kilemba, akakaa kigodani mbele ya shangazi, akainamisha kichwa.