Gigabaiti ya Tatu

Jua lilikuwa linazama Fundi aliporudi kwenye jengo la zamani kumalizia kazi ya dakika kumi. Ndivyo alivyomwambia mlinzi, na mlinzi akacheka, maana dakika kumi za watu wa kompyuta alikuwa anazijua.

"Taa ya koridoni imeungua, dada. Shika ukuta."

Alishika ukuta. Kituo cha simu za dharura kilikwisha kuhamia jengo jipya. Hapa kilibaki chumba kimoja chenye mashine moja, iliyorekodi kila simu ya kuomba msaada kwa miaka minne mpaka kinasa kilipochomolewa mwaka jana. Simu zote zilikuwa ndani ya faili moja la gigabaiti tatu hivi, na asubuhi mashine ingezimwa moja kwa moja.

Miaka miwili iliyopita, usiku wa mvua, gari la mdogo wake lilitumbukia mtaroni. Alimpigia dada yake mara saba. Fundi alikuwa ameizima sauti ya simu, amelala fofofo. Mara ya nane mdogo wake alipiga kituoni. Asubuhi alikutwa amekufa, simu mkononi. Kama kulikuwa na mtu aliyempokea ile mara ya nane, au alikufa akiita peke yake, hakuna aliyejua, kwa sababu programu ya kutafuta rekodi ilisema simu hiyo haipo. Orodha yake ilikomea miezi minne kabla ya ajali.

Mama yao alikataa kuamini kwamba rekodi haipo. Tangu msiba ule, usiku hakuufunga tena mlango kwa komeo.

Mchana, kabla ya jioni hii, Fundi alikuwa ameifungua programu ile kwa mara ya kwanza. Iliandikwa na Mzee Miwani, mtangulizi wake aliyestaafu, na Fundi alipoona kosa lake alitaka kucheka na kulia. Mzee alikuwa anaiomba mashine faili zima kwa mkupuo mmoja. Sasa mfumo endeshi, yule bwana mkubwa anayegawa kila kitu ndani ya mashine, hautoi zaidi ya gigabaiti mbili kwa mkupuo. Ukiuomba tatu haukatai. Unakupa mbili na kunyamaza, na usipohesabu ulichopewa, utadhani faili limekwisha. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwa sababu ya kosa hilo, mama mzima alikuwa hapati usingizi miaka miwili.

Dawa yake ilikuwa mistari sita. Soma kidogo, hesabu ulichopewa, endelea pale ulipoishia, mpaka mashine ikupe sifuri. Sifuri ndiyo mwisho. Bandu bandu humaliza gogo.

Aliiandika, akabonyeza. Vipande vikaanza kupita kwenye skrini, kimoja kimoja.

Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na mbili.

Hapo ndipo gigabaiti ya pili ilipoishia. Kipande cha thelathini na tatu kilipoingia, feni ya mashine ilipunguza kasi, ikawa inavuta na kutoa… inavuta na kutoa. Harufu ikaingia chumbani. Petroli, na tope.

Fundi aliangalia dirisha. Lilikuwa limefungwa, na nje hapakuwa na dalili ya mvua.

Kwa hesabu yake, faili lilitakiwa kuisha kwenye kipande cha arobaini na saba. Kipande hicho kilikuja. Sifuri haikuja. Programu ilikaa tu, inangoja. Angelichunguza hilo, lakini jicho lilikuwa limeshaangukia namba ya mdogo wake, anayoijua kuliko yake mwenyewe.

Akampigia mama kwa simu yake ya mkononi. "Mama, nimeipata."

Mama hakuuliza nini. "Niwekee, mwanangu."

Aliilaza simu karibu na spika, akafungua rekodi. Mlio… mlio… mlio. Hakuna aliyepokea. Nyuma ya mlio mvua ilikuwa inapiga bati la gari. Kisha pumzi, na sauti ya chini.

"Dada?"

Ilimtoka Fundi kabla hajafikiri. "Nipo."

Kwenye skrini kikaongezeka kipande cha arobaini na nane. Kidogo sana, baiti mia chache. Kinasa kilikuwa sakafuni, waya wake umezungushwa na kufungwa kwa mpira.

Spika ikasema, "Nipo."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ndani ya mvua ile, ndani ya rekodi yenye tarehe ya miaka miwili iliyopita.

Mdogo wake alishusha pumzi. "Nilijua utapokea."

Fundi alilia. Hakuogopa bado, alilia kwa nafuu, maana mzigo aliokuwa nao kifuani ulikuwa umeshuka. Mdogo wake hakuwa peke yake. Alipokewa.

"Kuna giza huku, dada," sauti ikaendelea. "Nije?"

Kisha mvua tu. Rekodi ilitakiwa kuwa ya dakika nne, na dakika nne zilikuwa zimeshapita. Ilikuwa inamsubiri.

Sasa woga ukamwingia. Alinyanyua simu ya mezani, akapiga namba ya mtu mmoja tu ambaye angeelewa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Mzee Miwani alisikiliza pumzi yake kidogo. "Umepita gigabaiti ya pili."

"Nilidhani ni kosa."

"Mimi nikosee kitu kama hicho?" Alikuwa ananong'ona. "Programu yangu ilikuwa inasoma mpaka mwisho. Ile mistari niliifuta kwa mkono wangu, nikauachia mfumo endeshi utukatie. Huku mwanzoni ni rekodi tu. Kule mbele, sijui ni kwa nini… wanangoja. Aliyelala usimwamshe, binti. Amekuuliza?"

"Ameuliza kama aje."

"Usimjibu. Mimi nilijibu."

Fundi alikuwa na swali, lakini kabla halijatoka alisikia, upande wa Mzee, maji yakidondoka sakafuni. Tone, tone. Kisha mwanamke akauliza taratibu, "Nani huyo?"

"Watu wa kazini, mama watoto," Mzee akajibu.

Fundi na wenzake wa kituo ndio waliomzika mama watoto huyo. Alikufa maji, wiki chache kabla ya ajali ya mdogo wake Fundi. Fundi alisimama kaburini na koleo mkononi.

"Hali chakula," Mzee alinong'ona. "Halali. Hakauki. Anakaa pembeni ya kitanda ananiangalia, na nikimwambia arudi anauliza arudi wapi. Rudisha mpaka ule wa gigabaiti mbili, binti. Sasa hivi."

Aliiweka simu chini. Mistari ilikuwa sita tu. Alifuta wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

"Nije?" spika iliuliza tena, kwa upole, kama mtu anayebisha kwao.

Fundi aliuma meno. Alifuta wa nne.

Ndipo akakumbuka simu ya mkononi, pale pembeni ya spika, ambayo hakuikata.

"Mama, usi…"

"Njoo, mwanangu," mama alisema. "Mlango uko wazi."

Skrini ikaleta kipande cha arobaini na tisa. Kisha, kwa mara ya kwanza, ikaleta sifuri.

Mvua ilikatika kwenye spika. Feni ilirudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Harufu ya petroli ilitoka chumbani mara moja, kana kwamba ilikuwa na mahali pa kwenda.

Fundi aliishika simu, akaikandamiza sikioni. Nyumbani palikuwa kimya. Alisikia saa ya ukutani ya mama. Alisikia bawaba ya mlango. Alisikia nyayo, nzito, zenye maji, zikipita sebuleni bila haraka.

"Ona ulivyolowa," mama alisema, na furaha iliyokuwa katika sauti ile Fundi hakuwa ameisikia tangu msiba. "Kaa, kaa hapo. Dada yako yuko njiani anakuja."