Betri Shimoni

Fundi cherehani aliishi na binti yake wa miaka minne na baba mkwe wake, seremala mstaafu. Fundi alishona sare za shule barazani. Mzee alifagia uwanja na kuchoma taka kwenye shimo nyuma ya jiko, redio ikiwa kwapani. Redio ile ilikula betri kupita kiasi. Zikiisha nguvu, mzee alizianika juani. Zikigoma kabisa, alizitupa shimoni.

Jumamosi moja asubuhi, moto ulikuwa ukiwaka. Fundi akaenda kumwaga vipande vya kitambaa. Mara kitu kikapasuka, kikamrukia usoni.

"Baba, sioni."

Mzee alimwosha kwa maji safi mengi. Kisha akamkimbiza zahanati. Muuguzi alimtazama kwa makini.

"Umeungua chini ya jicho," alisema. "Jicho lenyewe ni zima. Ni bahati tu. Kilichopasuka ni nini?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Betri. Nilizitupa mimi."

Wiki nzima cherehani ilinyamaza. Mzee alipika mwenyewe. Siku ya kwanza alitia chumvi kwenye chai, na wote wakainywa hivyo hivyo.

Jirani yao, fundi redio, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Mzee akamuuliza, "Kumbe betri ni bomu?"

"Ndani yake mna kemikali. Ukiichoma hupasuka, na moshi wake una sumu. Ukiifukia, ganda linaoza na sumu inaingia kwenye udongo."

"Hata kwenye bustani yetu ya mboga?"

"Hata huko."

"Na kuzianika?"

"Mzee wangu, betri si shati."

Fundi cherehani alicheka, kisha akashika shavu kwa maumivu. "Sasa tuziweke wapi, jirani?"

"Kwenye kopo kavu la plastiki lenye kifuniko. Funika ncha kwa selotepu zisigusane. Iliyovuja usiishike kwa mkono mtupu. Kopo liwe juu, mtoto asifikie. Zile ndogo kama vifungo ndizo mbaya zaidi. Mtoto akimeza, mkimbizeni hospitali hapo hapo. Kopo likijaa, leteni dukani kwangu. Nina sanduku. Gari huja kulichukua, zinapelekwa kiwandani, na madini yake yanatumika tena."

Kesho yake mzee alivaa glavu, akaziokota betri zote zilizobaki shimoni. Halafu akapita nyumba hadi nyumba, kopo mkononi, akikusanya betri zilizokwisha.

"Mkwe wangu nusura apoteze jicho kwa sababu yangu," aliwaambia majirani. "Sikujua. Nyinyi sasa mnajua."

Wengine waliona haya kwa niaba yake. Yeye hakujali, aliendelea kubisha hodi.

Gari lilipokuja, sanduku la fundi redio lilibebwa na watu wawili. Watoto wa mtaa walisimama kutazama. Siku hiyo hiyo, barazani, fundi cherehani alinyoosha uzi, akalenga tundu la sindano, na kuupitisha mara moja tu.

Mzee alimwona. Aliingia jikoni, akajifanya anatafuta sukari, mpaka machozi yalipokauka.