Aliyeitikia Wimbo wa Danu

Kilichotangulia ni harufu. Wening alikuwa anaponda karanga za kashata jikoni kwao, mjini Salatiga, mchana kweupe, mara akanusa mafuta ya mtoto, yale yenye ukali wa mkaratusi ambayo mama hamlazi mtoto kabla hajampaka. Nyumba ile haikuwa na mtoto. Wa mwisho alikuwa Danu, mdogo wake, aliyechukuliwa na homa akiwa na miaka minne, na chupa yake ya mafuta ilikwisha kutupwa zamani.

"Mama, umejipaka nini leo?"

"Jasho," alijibu Bu Lasmi, mama yake, akikoroga sukari. "Na hilo lidude lako lipunguze sauti. Sukari yangu inaungua kwa kelele."

Lidude lilikuwa spika, na ndani ya spika alikuwamo Ratri Ambarwangi. Asubuhi ile albamu yake mpya, Nyumba za Watu, ilikuwa imetoka baada ya miaka ya kimya, na Wening alikuwa ameshairudia mpaka anajua Ratri anavuta pumzi wapi. Ushabiki ni kichaa kilichovaa nguo, na Wening alikuwa amekivaa tangu Ratri akiimba na gita moja kwenye kibanda cha kahawa, wasikilizaji wakiwa yeye, mwenye kibanda na paka.

"Huyo dada yako wa kwenye simu hata jina lako halijui," jirani yao Tutik alizoea kumtania.

Utani huo ulimchoma kwa sababu haukuwa kweli. Ratri alimjua. Alasiri moja mvua iliwafungia wawili kibandani, wakazungumza mpaka ikakatika, na Wening akamsimulia habari za Danu, na za nyumba yao yenye mlango wa kijani. Akamwimbia hata wimbo wa kumbembelezea, alioutunga Bu Lasmi mwenyewe:

Lala Danu, lala kidogo,
mama yu jikoni, karanga zaiva;
ukiamka njoo, mwanangu,
mlango u wazi, njoo.

Tangu mazishi, Bu Lasmi hakuuimba wimbo huo wala hakutaka uimbwe. Hata jina la mtoto aliye hai haliitwi nje wakati wa maghrib, maana hujui atakayeitika. Sembuse la marehemu, tena kwa kumwambia mlango u wazi. Wening aliyajua hayo tangu ananyonya. Lakini Ratri alilia pamoja naye, akamshika mkono, akasema, "Wimbo huu nitauzika moyoni mwangu." Nani asingemwamini?

Kumbe moyo wenyewe ulikuwa na studio. Wimbo wa mwisho wa albamu ulikuwa ule ule, neno kwa neno, na Ratri alikuwa amewaambia watu wa redio kwamba aliutunga peke yake, machozi yakimtoka. Mwenye akili timamu angewaka hasira. Wening alilia kwa furaha. Ratri alikuwa ameongeza ubeti wake mwishoni, na shabiki husikia anachotaka kusikia:

Si hapa, Danu, si kwangu hapa,
nenda kwenye mlango wa kijani,
nyumba ipondayo karanga,
mama yako yuko huko.

"Ametuimba!" alimwambia Tutik, akiruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mlango wetu, Tutik! Karanga zetu! Na bado utasema hanijui?"

Mtaa mzima ukajulishwa. Wasichana walikuja kupigwa picha mbele ya mlango wa kijani, na watoto watokao madrasa walifundishwa wimbo na Wening mwenyewe, kwa malipo ya kashata zilizovunjika. Mama peke yake ndiye aliyefichwa; mbele yake Wening aliuruka wimbo wa mwisho kila mara. Lakini wimbo uliopendwa na nchi nzima utamficha nani? Bu Lasmi aliusikia ukitoka dirishani kwa Tutik, mwiko mkononi.

Aliuweka mwiko chini taratibu.

"Nani kampa?"

"Mimi, Mama."

"Nilikufundisha ukiwa mdogo, unisaidie kumbembeleza," alisema Bu Lasmi. "Sikukupa ukaugawe."

Wening alitamani atukanwe. Mama hakumtukana. Alikwenda kukaa karibu na mlango, na hapo ndipo alipokuwa maghrib ilipoingia.

Mlango uligongwa chini kabisa, usawa wa goti la mtu mzima. Wening akafungua, hapakuwa na mtu. Kesho yake Bu Lasmi alifungua mwenyewe, na alipogeuka, vigae vilikuwa na nyayo ndogo za maji zikiingia ndani, na hazikuwako za kutoka. Tangu hapo, kila muadhini alipomaliza, harufu ya mafuta ya mtoto ilitanda, na chini yake ubani ambao hakuna aliyeufukiza, na chini ya ubani udongo mbichi, na Wening, akijikunyata kwenye mkeka wa sala, alimsikia mama yake nyuma ya pazia akicheka kicheko cha chini cha mtu anayechezewa nywele, akinyamaza kama anayesikiliza, akijibu, akinyamaza tena, hata siku moja pazia likapepea bila upepo naye akakiona kikombe cha maziwa kikiinama chenyewe mbele ya magoti ya mama, maziwa yakipungua funda kwa funda, na mama, kwa upindo wa nguo yake, akiifuta midomo ambayo haikuwapo.

Kikombe kilibaki na mchanga wa kaburini.

Bu Lasmi aliacha kula. Mashavu yalibonyea, macho yakang'aa. "Anataka nimfuate," alinong'ona asubuhi moja, kwa furaha iliyomtisha Wening kuliko nyayo zile. "Akanionyeshe anapolala. Anasema pana nafasi ya watu wawili."

Wening alimkimbilia Kiai Mukhlas, mzee wa kisomo aliyemsomea hata Danu akiwa mgonjwa. Kiai aliingia, akasimama katikati ya nyumba, akavuta pua.

"Danu yuko kwa Mola wake, mwanangu, wala hana haja na maziwa," alisema kwa sauti ya chini. "Hiki ni kiumbe kingine. Kimesikia mlango u wazi, kikavaa jina. Kukitoa nitakitoa. Lakini mbona kimekuja kama mgeni aliyeelekezwa njia? Nani kakituma hapa?"

Wening alifungua mdomo kusema hajui. Badala yake masikio yake yakamwimbia ubeti wa mwisho, *si hapa, Danu, si kwangu hapa,* na kilichomtoka kinywani ni jina moja: "Ratri."

Bahati, au nuksi, Ratri alikuwa anakuja Salatiga wiki ile kutia saini kaseti za albamu, kwenye mkahawa mpya wenye viyoyozi. Wening alipanga foleni pamoja na wasichana waliokuwa wakilia kwa mapenzi, akawaonea huruma. Alipofika mezani, tabasamu la Ratri likayeyuka.

"Nilijua utakuja," Ratri alinong'ona, kalamu ikiendelea kuandika.

"Ulisema utauzika."

"Ningeweza basi? Wimbo mzuri vile!" Ratri alitazama pembeni. "Siku niliyourekodi, kitu hicho kikaingia kwangu. Kikalia kila maghrib. Nina mtoto mchanga, Wening. Kikaanza kumtikisia kitanda, kikimwita wakacheze."

"Ndiyo ukakielekeza kwetu."

"Nilikirudisha kwao. Wewe ndiye uliyeniletea."

"Mama yangu anakufa, Dada Ratri. Uache kuuimba. Waambie watu wasiupige."

"Nikiacha, kitarudi kwangu." Ratri alimsukumia kaseti, akapaza sauti ili foleni isikie, tabasamu likiwa limerudi mahali pake. "Asante kwa upendo wako, mpenzi! Anayefuata!"

Kwenye kaseti aliandika: *Kwa Wening, shabiki wangu wa kwanza.* Wening aliitupa kwenye mtaro wa maji machafu, na akasimama akilia palepale, maana aliona kwamba miaka yote ile alikuwa akimpenda mtu ambaye hakuwahi kumjua alivyo hata siku moja.

Kisomo kilifanywa mchana, madirisha wazi. Kiai Mukhlas alisoma mpaka sauti ikamkauka, harufu ikapanda mpaka Tutik, aliyekuja kusaidia kumshika Bu Lasmi, akatapika mlangoni. Mwishoni Kiai akasema, "Lasmi, kilichoitwa na wimbo wako kifukuzwe na wimbo wako. Mlango uliomo ndani yake, ufunge mwenyewe."

"Siwezi kumfukuza mwanangu."

"Siye mwanao."

"Mama," alisema Wening, akimwangukia miguuni, "mimi je? Mimi siye mwanao?"

Bu Lasmi alimtazama, akaugeukia mlango. Kisha akaimba, kwa sauti iliyokwaruza:

Lala Danu, lala moja kwa moja,
karanga zimekwisha, moto umezimwa;
usije tena, mwanangu,
mlango nimeufunga.

Nyayo za maji zikajichora kwenye vigae, moja baada ya nyingine, zikielekea nje. Kizingitini zilisimama kidogo. Kisha zikavuka, Bu Lasmi akaufunga mlango, akalia mpaka akalala.

Jioni ile Wening aliupaka mlango rangi ya kahawia. Kinu cha karanga akakihamishia kwa Tutik, huko huko wakapika kashata. Wimbo ulizidi kupigwa kila mahali, lakini nyumba iliyotajwa haikuwapo tena, na maghrib zilipita kimya. Bu Lasmi alianza kula, akanona, hata akarudia kulalamika juu ya kelele. Hakumwita Wening "mwanangu" kama zamani, lakini Wening alijiambia hilo nalo litarudi.

Walichokisahau ni watoto wa madrasa. Watoto wale waliupenda wimbo kuliko Ratri mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa wa mtaa wao, na Wening ndiye aliyewaambia hivyo. Maghrib moja walikuwa wanarudi makwao mbio, vitabu kwapani, wakauona mlango umebadilika. Watoto hawapendi wimbo wao uwe na kosa. Wakasimama mbele ya nyumba, wakaurekebisha kwa sauti moja, kwa furaha yote:

Karanga ziko kwa Tutik,
nenda kwenye mlango wa kahawia,
mama yako yuko huko!

Wening alitoka jikoni mbio kuwanyamazisha, akafika sebuleni, akasimama. Harufu ilikuwa imeshatangulia. Mlango ukagongwa, taratibu, chini kabisa.

Bu Lasmi alisukuma sahani yake pembeni. Uso wake ulikuwa mtulivu, na sauti haikuwa na hasira hata chembe.

"Mfungulie mdogo wako, Wening," alisema. "Si wewe uliyemwita?"