Mkunazi Sebuleni kwa Madam Philippa

Nilitumwa barafu. Jangwani, jua linazama, watu wazima wawili wana maji, wana juisi, wana chakula cha kulisha harusi, lakini hawawezi kukaa saa moja bila barafu kwenye bilauri. "Musallam, tafadhali sana," alisema Madam Philippa, nikawasha gari. Miaka kumi na moja nimewaendesha wageni wa kampuni ya mafuta hapa Maskati, na kila familia inakuja na upuuzi wake. Hawa wa Thornbury walikuja na upuuzi wa familia nne.

Kila Desemba wanapiga kambi siku mbili kwenye bonde moja chini ya Ibra, kabla ya Krismasi yao, ili wakirudi Uingereza wawasimulie ndugu zao kwamba wamelala na Mabedui. Bedui mwenyewe ndiye mimi. Nimezaliwa mjini na nikikosa kiyoyozi silali.

Kituo cha mafuta kiko mbali, kwenda na kurudi ni saa nzima. Saa hiyo ndiyo iliyotuponza wote.

Niliporudi magharibi ilikuwa imeshaingia. Taa zangu zikamulika juu ya gari lao, nikapunguza mwendo.

Tawi. Refu kunishinda, limefungwa kwa kamba kwenye keria. Majani madogo ya mviringo, miiba, na vitambaa... vyekundu, vyeusi, vya kijani, vinapepea. Upepo haukuwepo.

Mkunazi wa bondeni.

Nilizima gari nikabaki nimekaa, mifuko ya barafu inanidondokea mapajani. Mkunazi ule umesimama peke yake nyuma ya makaburi ya zamani, na hata mbuzi hawapelekwi kivulini mwake. Watu wa miji mitatu hupeleka pale yale yaliyoshinda hospitali na kushinda visomo. Unachana kipande cha nguo ya mgonjwa, unakifunga tawini, unaondoka bila kugeuka. Ulichokifunga kinabaki pale.

"Umeuona?" Bwana Alastair alikuwa bado ameshika msumeno, jasho linamtoka, anafurahi. "Tulikuwa tunatembea tu, tukaukuta. Tayari umepambwa."

Hapo nielezwe nini tena. Mtaani kwao, hapo hapo Maskati, kuna mashindano ya nyumba iliyopambwa vizuri kuliko zote wakati wa Krismasi, na mwaka jana jirani yao aliwashinda kwa mti ulioletwa kwa ndege. Mti, kwa ndege. Madam Philippa alinuna hadi Februari.

"Madam," nilisema, "huu mti..."

"Najua, najua." Alinishika bega, vile wanavyomshika mtu wanayetaka kumfundisha mambo ya kwao. "Nimesoma. Ni mti wa kuombea heri, watu wanafunga matakwa yao. Tunauenzi, Musallam. Hatukuukata wote, tawi tu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu. Ndipo nikakiona kitambaa cha kijani chenye maua ya manjano, karibu na palipokatwa, mafundo mawili.

Gauni la Raya.

Raya ni binti yangu. Alipokuwa na miaka mitano alianza kupandwa na kitu. Hakuwa akianguka chini wala kutoa povu, hapana. Kila magharibi alikuwa anageuza shingo polepole, anakaa kama bibi kizee mwenye maumivu ya goti, anaagiza kahawa. Sauti si yake. Kiarabu si chake, ni kile cha watu wa milimani, cha zamani, ambacho babu yangu alikuwa akikiiga kutuchekesha. Kahawa akiletewa anaitemea mate. "Hiki mnakiita kahawa? Maji ya kuoshea nguo yana ladha kuliko haya." Alitutukana mmoja mmoja, mimi, mama yake, hadi imamu aliyekuja kumsomea, huyo alitukanwa na ukoo wake. Ilikuwa karibu ichekeshe. Lakini mtoto alikuwa hali, na nguo zikawa zinamdondoka mabegani.

Na kabla ya kila ujio, nyumba ilikuwa inajaa harufu ya udongo uliomwagiwa maji. Miaka ya ukame, tone halijaanguka, na sisi tunanusa mvua sebuleni.

Mama mkwe ndiye aliyekwenda kuufunga ule mzigo. Miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo Raya anakula, anapigana na binamu zake, anafeli hesabu. Mtoto kama watoto wengine.

Nilijitenga nyuma ya hema nikampigia Zuwaina, mke wangu. Nilimweleza, nikasikia anampa simu mama yake.

"Wamelikata?" mama mkwe aliuliza.

"Kwa msumeno."

"Basi limekosa mzizi. Halitashika siku tatu, mzigo utamrudia mtoto. Kilete hicho kitambaa na fundo lake, tukifunge upya shinani. Usikifungue wewe, asikifungue mtu. Unanisikia? Mkono unaofungua ndio unaobeba."

"Nimekusikia, mama."

Nilirudi kwenye gari lao nikanyoosha mkono juu ya keria. Madam akatokea na tochi kichwani.

"Usiguse, Musallam. Nimevihesabu, navitaka vyote arobaini na mbili."

Alivihesabu! Watu hawa hawajui dereva wao ana watoto wangapi, lakini vitambaa vya wagonjwa wa watu wamevihesabu. Nikasema sawa madam. Nikajipangia kwamba kesho wakilishusha nyumbani, nitapita na kisu, nitakata kijitawi kizima, miiba na fundo na yote, nitamwambia kimevunjika njiani. Nililala nikiwa nimetulia kabisa.

Kesho yake tulifika Maskati baada ya alasiri. Bwana Alastair na mtunza bustani wakaingiza tawi ndani, mimi nikaachiwa mahema na makopo. Niliyashusha haraka mpaka nikajikata kidole. Nikaingia kwa mlango wa jikoni, kisu mfukoni.

Sebuleni walikuwa wamelisimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Taa ndogo ndogo zinawaka na kuzima. Madam alikuwa barazani anawapiga picha wageni waliokuja kuona mapambo ya mashindano, kicheko chake kinafika hadi ndani. Na chini ya tawi, juu ya zulia, alikaa Tamsin, mtoto wao wa pekee, ambaye hawakwenda naye kambini, miaka minane, kikapu mapajani.

Alikuwa anafungua vitambaa.

"Mama anasema tutafungia zawadi," alinong'ona bila kugeuka. "Vigumu. Lakini vidole vyangu ni vidogo."

Kikapu kilikuwa bado kitupu. Nilitafuta kwa macho. Cha kijani kilikuwa bado tawini. Kilikuwa kwenye vidole vyake, na fundo la kwanza lilikuwa limeshaachia.

Nitasema ukweli, kwa sababu nimechoka kuusema moyoni. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Mtoto huyu ananisalimia kwa jina kila asubuhi, na nikichelewa huniwekea biskuti kwenye kiti cha mbele. Ningesema neno moja tu. Tamsin. Angesimama.

Nikamkumbuka Raya, mabega yake. Nikakumbuka alichosema mama mkwe. Mkono unaofungua ndio unaobeba. Basi ukibebwa na mkono mwingine... Raya hatauhitaji tena mti. Hatahitaji fundo, wala mimi sitalala kila Desemba nikiwaza nani kapita bondeni na msumeno. Wao ndio waliokata. Wao ndio waliojua kila kitu, waliosoma.

Nikanyamaza.

Fundo la pili likaachia.

Taa zikaendelea kuwaka na kuzima. Tamsin akakiweka kitambaa kikapuni, akakilaza vizuri. Kisha mikono yake ikatulia. Nikasubiri. Kutoka barazani kicheko kikaja, kikaisha...

Harufu ikaja. Udongo, maji.

Shingo ya mtoto ikaanza kugeuka. Polepole. Akanitazama na jicho moja amelifinya, goti moja amelishika.

Nilitoka kwa mlango wa jikoni. Nilitembea, sikukimbia, na hilo nalo nalikumbuka kwa aibu.

Magharibi ile, madam alinipigia akicheka. "Huwezi kuamini, Tamsin anataka kahawa chungu. Ya Kiomani. Miaka mitatu tu hapa na amekuwa mwenyeji kuliko sisi." Alimpa. Mtoto akaitema juu ya kitambaa cha meza cha Krismasi. Bwana Alastair akasema ni utundu wa likizo, akamnyang'anya tablet yake.

Siku zilizofuata hakula. Bata mzinga hakumgusa, keki hakuigusa. Alikaa kitini mbele ya babu yake aliyekuja kutoka Uingereza, anamwangalia mzee huyo chini juu, anasema naye Kiarabu cha milimani bila kupumzika, na mzee anaitikia, "Vizuri, mpenzi, vizuri sana." Meza nzima ikapiga makofi. Kama ningekuwa sijui, ningecheka mpaka nianguke. Wanatukanwa hadi mababu zao na wanapiga makofi. Kwenye mashindano walishika nafasi ya pili.

Tarehe ishirini na saba nikawapeleka uwanja wa ndege, waende kumalizia likizo kwao. Jua lilikuwa linatua. Bwana mbele na simu yake, babu amelala, madam nyuma na mtoto.

Tulipopita daraja, nyuma ya kisogo changu ikaja sauti.

"We Musallam."

Nikashika usukani.

"Mbona huitiki? Miaka miwili nimekunywa kahawa mbovu nyumbani kwako, leo hunijui?"

"Sikia anavyoongea!" Madam alishatoa simu, anarekodi. "Endelea, mpenzi. Mwambie Musallam tena."

"Nirudishe," sauti ilisema, na kwa mara ya kwanza haikuwa na kiburi. "Watu hawa si watu. Namtukana mama yake, ananibusu. Namtukana babu yao, anatabasamu. Hakuna anayenisikia. Kwenye mti nilikuwa na wenzangu. Kwako angalau mlikuwa mnaniogopa. Nirudishe kwa binti yako, sitamtesa kama mwanzo."

Nilimtazama kwenye kioo. Uso ulikuwa mdogo, mweupe, midomo imepasuka.

Nikauliza kwa Kiarabu, taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Mwenyewe yuko wapi? Mtoto."

"Yupo. Amejikunja pembeni huku ndani." Jicho lililofinywa likanitazama kiooni. "Analia tangu siku ile. Analitaja jina lako. Mengine ni lugha yao, siielewi."

"Amesema nini?" madam aliuliza, simu bado juu.

Mbele kulikuwa na njia ya kutokea, kulia, inayokwenda nyumbani kwetu, kwa mama mkwe. Niliiona ikija. Niliiona ikipita.

"Anakushukuru kwa likizo, madam."

"Ah, kipenzi changu."

Nikabeba mabegi yao saba. Mtoto aliondoka ameshikwa mkono, anachechemea goti, na hakugeuka.

Nyumbani Raya alikula sahani mbili za wali akaomba ya tatu. Zuwaina akaniuliza kama nilimweleza yule mama. Nikasema nilimweleza, akafanya ukaidi. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, anachambua tende. Alinitazama tu. Baadaye aliniambia kwamba mzigo uliokwisha kufunguliwa na kubebwa na mtu, mti hauutaki tena; ukitoka kwake unakwenda kwa mtu mwingine, na lazima awe yule uliyewahi kumkaa zamani. Hakutaja jina. Raya alikuwa uani anacheka na binamu zake.

Nimewadharau watu hawa miaka kumi na moja, kwa barafu yao, miti yao, mabegi yao. Siku hizi nikitafuta mtu wa kumdharau sihitaji kutoka nyumbani.

Jana madam alituma ujumbe. Madaktari wa kwao hawajaona kitu, wanasema ni umri. Mtoto amekonda, lakini anafurahi kurudi. Kila magharibi anasimama dirishani anauliza Musallam atakuja saa ngapi. Wanatua kesho alasiri, tafadhali sana nisichelewe.

Nimemwambia Zuwaina amchukue Raya leo hii, waende Sur kwa dada yake, wasirudi mpaka niwaite. Alikunja nguo za mtoto, wakaondoka. Nimepiga pasi kanzu. Kesho nitasimama pale uwanjani, nitapokea mabegi, nitamfungulia mtoto mlango, nitasema karibuni tena Omani. Halafu nitaendesha mpaka kwao, na Tamsin atakuwa nyuma yangu, huko ndani, ananiita.