Nilivaa Casque Juu Mama Mukwe Asiogope, Bakaniita Muuaji

"Muuaji! Umemuua mama yetu!"

Hadjara, dada ya bwana yangu, alipiga ile kelele mpaka parcelle, uwanja yetu yote, ikajaa bantu.

Mama mukwe alikuwa chini ku ciment ya chumba yake, damu inatoka ku kipaji ya uso. Mi nimesimama ku mlango na collant ya sport, jasho inatiririka, casque ya kusikiliza muziki ingali ku shingo.

Bandeko, ile saa nilitamani udongo inimeze!

Muache nibaeleze vizuri.

Mi naitwa Yasmine. Naikaa hapa Vulamba, mu Butembo, mu nyumba ya mbao. Bwana yangu Jamali ni chauffeur wa camion, kila juma anapeleka bitu Beni. Kisha kuzala mutoto wa tatu, tension yangu, presha ya damu, ilipanda sana. Muganga akaniambia:

"Mama, ufanye sport kila siku, ao tutakuzika."

Mais nifanyie wapi? Mama mukwe alikimbia vita kule Kalunguta. Tangu afike kwetu, hapana kutoka inje. Hata sufuria ikianguka tu, anaingia chini ya kitanda anatetemeka. Sasa mi niwashe muziki, niruke-ruke mu salon, na ukuta ni mbao tupu?

Donc nikanunua casque ya bila kamba. Kila saa kumi ya muchana Hadjara anabaki karibu na mama. Mi nakunja blanketi mbili chini, navua viatu, naruka. Muziki inapiga mu masikio yangu tu. Inje, kimya kabisa.

Nilikuwa najiona mwenye akili!

Ile siku ya ine ya juma, nilipovua casque, nikasikia Hadjara analia.

"Alikuita saa muzima! 'Yasmine! Yasmine!' Mi nilikuwa nachota maji, nikasikia toka kule! We ulifunga masikio kusudi!"

"Hadjara, nakuapia kwa Mungu, sikusikia!"

"Mumemusikia? Yeye mwenyewe anasema hakusikia!"

Jirani yetu Solange peke yake njo alinisaidia kumubeba. Tukamupandisha ku pikipiki, mi nyuma namukumbatia, kichwa yake inayumba ku kifua yangu...

Ku centre de santé, kwa baganga, bakamuingiza. Mi nikaikaa inje ku banc, miguu bila viatu, damu yake ku mikono yangu.

Simu ikalia. Jamali.

"Yasmine, ni kweli?"

"Jamali, unisikilize kwanza..."

"Mama yangu anakufa, we unacheza muziki?"

"Ilikuwa sport! Muganga alisema..."

"Nikifika Butembo nisikukute mu nyumba yangu. Batoto banabaki."

Akakata.

Batoto banabaki! Wa mwisho angali ananyonya!

Nikamupigia simu mara tisa. Hapana jibu. Familia inafika, inapita mbele yangu sawa vile niko takataka.

Polepole nikaanza kuamini hata mi. Pengine aliniita kweli. Pengine alinyoosha mukono pale chini, na mi huku naruka, nahesabu... Nikasema, Mungu, kama unamubeba, unibebe na mi.

Jioni Jamali akafika toka Beni, vumbi mpaka ku kope. Hakuniangalia. Muganga Kasonia akatoka:

"Ameamuka. Muingie, mais polepole."

Tukaingia: Jamali, Hadjara, na mi nyuma yabo.

"Mama, ulimuita Yasmine akakataa kukuya?" Jamali akamuuliza.

Mama mukwe akafungua jicho moya.

"Kumuita juu ya nini?"

"Hadjara anasema alikusikia."

"Hadjara? Alikuwa kwa jirani banamusuka nywele! Anaendaka kila siku, Yasmine akisha vaa bile bitu ku masikio."

Hadjara akaangalia sakafu.

"Sasa mama, ulianguka namna gani?" Jamali akauliza.

Mama akageukia ukuta, anasikia haya sawa mutoto.

"Mu mbao kuko katundu. Namuonaka anaruka. Bila ngoma, bila nini! Mwanzo nilisema uyu mutoto wa bantu alipata wazimu. Kisha... miguu yangu ikaanza kufata. Iko mwezi muzima sasa. Leo akainua muguu juu, na mi nikainua. Nikasahau niko na miaka makumi saba."

Mwezi muzima, bandeko! Ule mama tuliyeamini anajificha na woga, alikuwa anafanya sport na mi, ukuta moya tu katikati yetu!

"Na muniambie," akaongeza, "ile muziki ni gani? Nimechoka kufata miguu tu!"

Nililia mpaka Kasonia akakuya kuangalia nani amekufa.

We unayevaa casque mu nyumba, acha sikio moya wazi. Njo ya kwanza. Ya pili: mi nilinyamazisha nyumba muzima juu ya mama, na hata siku moya sikumuuliza yeye mwenyewe anapenda nini. Umuulize mutu! Na we bwana, usifukuze mama ya batoto yako ku simu juu ya maneno ya upande moya.

Jamali ameomba musamaha. Leo iko siku makumi mbili analala ku salon.

Hapana mi niliamua vile. Ni mama yake!